Hamsini na Nane

Barua ilikuwa imeshachapwa. Kilichobaki ni saini tu, na kalamu ilikuwa imelazwa juu yake, kifuniko kimeshavuliwa, kama kijiko kinavyowekwa kando ya sahani ya mgonjwa asiye na hamu ya kula.

Karani wa shule aliisoma mara mbili akiwa amesimama, maana hakuna aliyemkaribisha kiti. Ilisema kwamba yeye, msimamizi wa mashine ya alama, anakiri kubadilisha matokeo ya wanafunzi kumi na saba, akiwamo binti yake wa kumzaa; kwamba anajuta; na kwamba anaacha kazi kwa hiari yake, kwa sababu za kifamilia.

"Haya maneno ni ya nani?" aliuliza.

"Ni yako," alisema Makamu wa mwalimu mkuu. "Sisi tumekusaidia kuchapa tu."

Mwalimu Mkuu mwenyewe alikuwa ameugeukia ukuta, akiichunguza ratiba ya vipindi kana kwamba ndiyo kwanza anaiona. Alikuwa mtu mwema asiyependa kelele, na wema wa namna hiyo haumfai mtu siku anapouhitaji.

Shule nzima ilimwita karani huyu Mama Mashine. Aliajiriwa kupiga chapa na kupokea simu. Lakini miaka miwili nyuma, alipochoka kuona fomu za matokeo zikiandikwa kwa mkono wiki tatu mfululizo, alishusha kutoka mtandaoni kifurushi kimoja cha programu za bure. Ndani yake mlikuwa na vyote kwa pamoja: seva ya kurasa, hifadhidata ya kuwekea majedwali, na lugha ya kuviunganisha viwili hivyo vikasikilizana. Alikisimika kwenye kompyuta kuukuu iliyokuwa ikingoja kutupwa. Alikosea, akafuta, akakisimika upya. Akajifunza kwa kusoma usiku na kuuliza wageni asiowajua mtandaoni. Muhula uliofuata walimu waliingiza alama kwa simu zao wakiwa wamekaa chumba cha walimu, na fomu zilitoka kwa alasiri moja.

Makamu hakumsamehe kwa hilo. Alikuwa na cheti cha kompyuta kilichotiwa fremu, na mashine ilikuwa imewashwa na mpiga chapa.

Sasa mwalimu wa hisabati alikuwa ameleta daftari lake akilalamika kwamba mtoto wa mkandarasi, yule anayeijengea shule maabara, ana thelathini na nne kwenye daftari lakini sabini na moja kwenye fomu. Walipochambua wakakuta wengine. Jumla kumi na saba. Na kati yao, binti wa Mama Mashine: hamsini na nane daftarini, sabini na nane kwenye mashine.

Hesabu ya Makamu ilikuwa fupi. Mashine yako, neno la siri lako, mtoto wako. Kisha akalegeza sauti, akawa mtu wa huruma. Akisaini leo, mambo yataishia humu chumbani. Fomu zimeshatolewa, hazitarudishwa. Binti atabaki na alama zake na nafasi yake katika darasa la sayansi, wale ishirini wanaosomeshwa na wafadhili. Akikataa, Alhamisi bodi inakaa, na hapo watatoka wote wawili, mama na mtoto, mchana kweupe.

Mama Mashine aliomba dakika kumi tu za kuifungua mashine.

"Ukafute ulichosahau kufuta?" alisema Makamu, akanyoosha kiganja. "Ufunguo wa chumba."

Ufunguo ulikuwa kwenye pete moja na wa nyumbani kwake. Kucha zake zilikataa kuifungua pete. Alijaribu, akajaribu tena, wanaume wawili wakimtazama mikono, mpaka Makamu akampa rula ya chuma aibanulie. Pete ilipofunguka ufunguo ukaanguka chini, na ni yeye aliyeinama kuuokota.

Langoni mlinzi alikuwa ameshapigiwa simu. Alipekua mkoba wake, akatoa mwavuli, kitana na kopo la chakula cha mchana, akavipanga juu ya meza moja moja wakati wanafunzi wa zamu wakipita.

"Ni amri tu, dada," alisema bila kuinua macho. "Ingekuwa ni mimi ningekusalimia tu upite."

"Basi nisalimie," alisema Mama Mashine.

Mlinzi akamsalimia. Akaitikia, akakusanya vitu vyake, akaondoka. Barua alikuwa ameiacha kule ofisini, haina saini.

*

Mumewe alikuwa seremala, na karakana yake ilikuwa ukumbi wa mbele wa nyumba, kwa hiyo mtu hakuweza kuingia ndani bila kupita kwenye maranda na maswali. Alimwona mkewe akirudi saa tano asubuhi, akaweka randa chini. Alisikiliza yote hadi mwisho. Hakuwa mwoga mtu huyu, wala hakuwa mjinga. Ndiyo maana maneno yake yaliuma.

Alisema asaini yaishe. Kazi ya kupiga chapa itapatikana kwingine. Nafasi ya mtoto haitapatikana. Yeye mwenyewe aliacha shule kwa kukosa mtu wa kumshika mkono, na tangu hapo kila meza anayoitengeneza ni ya mtu mwingine kusomea.

"Ningesaini kama ningekuwa nimefanya," alisema mkewe.

"Waliofanya hawasaini. Unaijua dunia wewe?"

Mama mkwe alikuwa jikoni, lakini masikio yake hayakuwahi kukaa jikoni. Alitoka na mwiko mkononi akauliza nani alimtuma mtu kujifanya mhandisi. Mwanawe alioa mpiga chapa, akasema, posa ilitolewa ya mpiga chapa, na hakuna siku mashine ya kupigia chapa ilimtia mtu matatani. Kisha akamwangalia mkamwana wake usoni kwa muda.

"Unalia?"

"Hapana, Mama."

"Basi njoo ule. Anayelia ndiye asamehewe chakula."

Binti alirudi jioni. Habari zilikuwa zimemtangulia na kumzunguka. Darasani walikuwa wameshamwita Bi Sabini na Nane, na kuna aliyeichora namba hiyo kwa chaki kwenye kiti chake, binti akaikalia bila kujua, akatembea nayo nyuma ya sketi mpaka mlangoni kwao. Bibi yake ndiye aliyemfuta. Binti alikaa mezani bila kula, akiupekua wali kwa uma kama anayetafuta kitu kilichomwangukia.

"Mama," alisema, "mimi niliona."

Aliona nini?

Aliona hamsini na nane. Karatasi yake ya mtihani ilirudishwa na namba hiyo kwa wino mwekundu, akaikunja akaificha chini ya godoro. Fomu ilipotoka na sabini na nane akajua si zake. Siku ile walipomshangilia wote hapa nyumbani, baba akamtengenezea rafu ya vitabu, alikuwa anajua.

"Na hukusema?"

Seremala akageuza uso.

"Nilidhani ni wewe," alisema binti. "Nilidhani umenifanyia. Nikaona nisikuharibie."

Hilo ndilo lililomuuma Mama Mashine. Ofisini walimwita mwizi akasimama wima. Langoni walimpekua akajibu. Lakini huyu aliyemzaa alimdhania wizi, tena kwa mapenzi, tena kwa shukrani. Aliona sasa jinsi walivyofanya. Waliotaka alama za mtoto wa mkandarasi zipande hawakuweza kumpandisha peke yake, angeonekana kama nguzo uwanjani. Wakapandisha na wengine kumfichia. Na katika hao wengine wakamtia mtoto wa karani makusudi, ili siku karani akitaka kufungua mdomo, akute umezibwa kwa mtoto wake.

"Walikuchagua vizuri," alimwambia binti. "Wewe umenyamaza kwa ajili yangu, na mimi nilitakiwa ninyamaze kwa ajili yako. Nyumba nzima kimya. Wao wanacheka."

Alinyanyuka akatembea kutoka ukutani hadi mlangoni. Lakini waliingiaje? Neno lake la siri hakumpa mtu. Akajiuliza tena, neno lipi? Akasimama.

Hapakuwa na neno la siri. Lile alilotumia kila asubuhi lilikuwa la kompyuta, si la hifadhidata. Kifurushi kile huja hivyo: mtumiaji mkuu wa hifadhidata, mwenye uwezo wa kila kitu, hana neno la siri kabisa, kwa kuwa kimetengenezwa kwa mtu anayejifunzia peke yake chumbani. Waliokitengeneza wameandika wazi kwamba ukitaka watu wengine wakifikie, kwanza weka neno. Na aliliweka, mwezi wa kwanza. Alipoliweka, ukurasa wa kusimamia hifadhidata ukagoma kufunguka, kwa sababu kulikuwa na faili lingine lililotakiwa kuambiwa neno lile, naye wakati ule hakulijua. Ilikuwa siku ya kutoa fomu. Mwalimu Mkuu alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake akiangalia saa. Akaliondoa, akasema nitalirudisha kesho. Kesho hiyo ilikuwa na miaka miwili sasa.

Halafu kuna la pili. Ukurasa ule, ulivyokuja, haukufunguka isipokuwa kwenye mashine yenyewe. Ukijaribu kutoka kwingine unakufukuza. Ni Makamu aliyemjia akitaka kuangalia mambo kutoka ofisini kwake bila kupanda ngazi. Mama Mashine akambadilishia mstari mmoja wa maagizo ya seva, na ukurasa ukafunguka kwa yeyote aliyeunganishwa na mtandao wa shule.

Alimweleza mumewe yote hayo kwa maneno ya mumewe.

"Kwa hiyo ulitia mlango," alisema seremala polepole, "ukasahau kitasa."

"Sikusahau. Nilikiondoa."

Seremala akafikiri. Akamwambia basi hilo asilitaje hata kidogo, maana ndilo wanalolitafuta. Akilitaja atakuwa amewapa kamba.

"Nitalisema kwanza," alisema mkewe. "Kabla ya neno lolote. La kwangu nitalibeba mimi mwenyewe, mbele ya wote. Halafu nione nani atanibebesha lao."

"Na mtoto?"

Wote wakamtazama binti. Alikuwa na miaka kumi na sita, macho yamemvimba, na mstari wa chaki ungali kwenye pindo la sketi.

"Darasa la sayansi hawachukui chini ya sitini na tano," alisema. "Najua." Akavuta pumzi. "Sitaki kuitwa Bi Sabini na Nane maisha yangu yote."

Bibi akamsogezea sahani, akamwambia basi ale kama mtu wa hamsini na nane.

*

Alhamisi bodi ilikaa saa nne. Mama Mashine aliingizwa saa saba, baada ya kukalishwa kwenye benchi la watoro nje ya ofisi, goti kwa goti na mvulana aliyekutwa akivuta sigara. Mvulana alimuuliza yeye kakutwa na nini. Akasema bado hawajaamua.

Mwenyekiti wa bodi alikuwa mwanamke mstaafu aliyefanya kazi dirisha la dawa hospitalini miaka thelathini, mwembamba, mwenye miwani ya mnyororo na haraka ya kurudi nyumbani. Kando yake walikaa wajumbe watatu. Mwalimu Mkuu alikuwepo, Makamu alikuwepo, na mwalimu wa hisabati alikuwa ameitwa na daftari lake.

Makamu alisoma mashtaka kwa sauti nzuri. Alitaja kwamba mtuhumiwa hana cheti chochote cha fani hii, kwamba alijifunza kwenye intaneti kama watu wanavyojifunza mapishi, na kwamba shule ilimwamini kupita kiasi. Alitaja kwamba alipewa nafasi ya kuondoka kwa heshima akaitupa.

"Una la kusema?" aliuliza Mwenyekiti.

"Naomba tupande chumba cha mashine, wote," alisema Mama Mashine. "La kusema liko huko."

Makamu akapinga. Mwenyekiti akasema kwamba amekaa kutwa na mgongo wake unataka kutembea, akanyanyuka, na bodi ikalazimika kumfuata ngazini.

Chumbani mlikuwa na joto na vumbi la siku tatu. Mashine ilikuwa inaunguruma pale pale. Mama Mashine hakuigusa. Alisimama mbali nayo, mikono nyuma, akamwomba Mwenyekiti atoe simu yake mwenyewe, aiunganishe na mtandao wa shule. Akamtajia namba za mashine, nukta kwa nukta, kisha jina la ukurasa, Mwenyekiti akichapa kwa kidole kimoja, na ukurasa ukafunguka. Akamwambia aguse jedwali la alama. Likafunguka.

"Limekuuliza neno la siri?"

"Halijaniuliza kitu."

"Chagua mwanafunzi yeyote. Utaweza kumpa mia. Usifanye, lakini utaweza."

Wajumbe walisogeleana juu ya simu ile. Mmoja akacheka kidogo, akanyamaza.

"Mlango huo niliuacha wazi mimi," alisema Mama Mashine. "Hakuna aliyenituma. Niliondoa neno la siri siku moja yenye haraka, nikaahidi kulirudisha, sikulirudisha. Miaka miwili alama za watoto mia nne zilikaa kwenye nyumba isiyo na kitasa, na mwenye nyumba ni mimi. Liandikeni hilo, nitaliwekea saini sasa hivi. Lakini kwamba nilibadilisha alama, sitasaini. Si leo wala kesho, wala mkinifukuza."

Sauti yake haikupanda.

Makamu akadakia. Akasema wote wamesikia; amekiri mwenyewe.

"Nilifanya kazi ya dawa mimi," alisema Mwenyekiti. "Kabati likikutwa wazi, anayelaumiwa ni mwenye ufunguo. Lakini dawa zikipungua tunauliza pia nani alipita. Hapa kuna namna ya kujua nani alipita?"

Ipo, alisema Mama Mashine. Seva huandika daftari lake yenyewe: kila ukurasa unapoombwa, saa ngapi, na mashine ya namba gani ndiyo iliyouomba. Yeye hataligusa, wasije wakasema amelitunga. Akamwomba mwalimu wa hisabati akae kwenye kiti, akamwelekeza kwa mdomo folda gani afungue na faili gani. Mistari ikajaa kwenye kioo, mirefu, isiyo na huruma. Akamwambia atafute Ijumaa iliyotangulia kutolewa kwa fomu.

Mwalimu alisoma. Saa kumi na moja na dakika nne jioni, jedwali la alama, namba kumi na nne. Na dakika sita, kumi na nne. Na dakika saba, kumi na nne. Mara kumi na saba, na kila mara namba ile ile, hadi saa kumi na moja na nusu.

"Kumi na nne ni nani?" aliuliza Mwenyekiti.

"Si mtu, ni kompyuta. Kila moja nimeibandikia namba yake ubavuni. Mtume mtu akaangalie vyumba vyote."

Alitumwa mjumbe kijana. Walingoja. Mwalimu Mkuu alijipangusa paji la uso. Hatua zikasikika zikirudi ngazini, si za haraka.

"Ofisi ya Makamu," alisema mjumbe.

Makamu alisema kompyuta ile hutumiwa na kila mtu. Walimu huingia, wafagiaji huingia, yeye jioni huwa uwanjani na ofisi hubaki wazi. Mtu yeyote angeweza kuikalia.

"Kweli kabisa," alisema Mama Mashine. "Mashine haijui ni nani aliyekaa. Nami sikuwepo, siwezi kusema. Lakini kama mlango wako ulikuwa wazi, Mwalimu, basi andika na wewe barua kama yangu. Mimi nitakusaidia kuchapa."

Mjumbe yule aliyecheka mwanzo alicheka tena, na safari hii hakujizuia.

Bodi haikumfukuza Makamu. Bodi hazifanyi hivyo. Ilisema suala la namba kumi na nne litachunguzwa na kamati ndogo, itakayoteuliwa kikao kijacho, na kila aliyekuwemo chumbani alijua jinsi kamati ndogo zinavyozeeka. Mama Mashine alipewa onyo kali la maandishi kwa uzembe. Akalisoma mara moja, akatia saini, akadai nakala. Mwenyekiti akamwagiza aweke neno la siri pale pale. Akakaa kwenye kiti chake, akaliweka, akaliandika na kwenye faili lile la pili ambalo zamani hakulijua, akaurudisha na ule mstari aliobadilisha. Mwenyekiti akajaribu tena kwa simu yake. Ukurasa ukamfukuza. Akaitikia kwa kichwa, akaanza kutafuta mkoba wake.

"Bado alama," alisema Mama Mashine.

Makamu akasema hilo lisubiri. Fomu ziko majumbani, wazazi wameshafurahi, orodha ya wafadhili imeshatumwa. Kuzibadilisha sasa ni kuiaibisha shule. Mwalimu Mkuu akasema labda ni kweli, labda wangoje muhula upite. Akamgeukia karani kwa ule upole wake, akamkumbusha kwa sauti ya chini kwamba hata yeye ana maslahi katika jambo hili. Alikuwa anamhurumia kwa dhati. Alikuwa anampa njia.

"Mwalimu," alisema Mama Mashine bila kumwangalia Mwalimu Mkuu, akimgeukia wa hisabati, "hebu fungua daftari lako. Nisomee jina na alama, nami naandika. Mwenyekiti ashuhudie, halafu orodha mpya iende leo."

Mwalimu wa hisabati alimwangalia Mwenyekiti. Mwenyekiti aliketi tena, mkoba mapajani.

Akaanza kusoma. Alama zikashuka moja baada ya nyingine, sitini zikawa arobaini, themanini zikawa hamsini na mbili. Alipofika kwa mtoto wa mkandarasi akasoma thelathini na nne kwa sauti iliyokauka. Wa kumi, wa kumi na moja. Mwalimu akageuza ukurasa, akatua kidogo, macho yake yakapita mstari mmoja, akasoma jina lililofuata.

Vidole vya Mama Mashine vikabaki hewani juu ya vitufe.

"Umeruka mmoja, Mwalimu."

Alijifanya kutafuta. Alikuwa na watoto na yeye. Akasema mwandiko wake huu, na macho haya, labda wamalizie hawa wengine kwanza.

"Ni wa kumi na mbili," alisema Mama Mashine. "Jina lake unalijua. Msome kwa sauti, kama wenzake."

Mwalimu akamsoma. Hamsini na nane.

Akaandika tano, akaandika nane, akahifadhi. Akaiangalia namba ile kwenye kioo mpaka alipohakikisha imekaa.

"Endelea," alisema. "Anayefuata."